Wimbo Uliokosekana Kitabuni

Mama mkwe alirudi kutoka saluni na nusu ya kichwa. Upande wa kulia nywele zilikuwa zimesukwa safi, mistari imenyooka. Upande wa kushoto zilikuwa zimesimama wima kama zilivyochanwa, na chanuo la msusi lilikuwa bado limechomekwa humo humo. Alikuwa amepita barabara nzima hivyo, mchana kweupe, mbele ya maduka yote, yeye ambaye hakuwahi kutoka hata kumwaga taka bila kujifunga kitambaa kichwani.

Alisimama kwenye mlango wa karakana. Mwanawe, fundi makochi, alikuwa amepiga magoti akivuta kitambaa juu ya sponji, pini mdomoni. Mkewe alikuwa upande wa pili wa kochi hilo hilo, amelibana lisiteleze. Huyu mke watu wa muziki walimwita Nyuzi kwa sababu ya gita, na jina lilikuwa limemganda hata nyumbani.

"Zimeni hiyo redio," mama akasema.

Hakukuwa na redio iliyowashwa. Fundi alitema pini kiganjani.

"Mama, kuna nini? Mbona nywele..."

"Nyamaza wewe, namuuliza mkeo." Akamgeukia Nyuzi. "Kuna mwanamke kwenye wimbo. Anaingia chumbani kwa mwanawe bila kubisha hodi. Anafunua sufuria ya mkwewe, anaonja, anaguna, halafu anaongeza chumvi. Ni mimi au si mimi?"

Nyuzi aliliachia kochi. Alijua redio wangeupiga wimbo wake Jumamosi ile, ila hakujua ni saa ngapi, wala hakufikiria kwamba saluni nayo ina redio. Sasa aliyaona yote bila kusimuliwa: wanawake wamekaa chini ya mashine za kukausha nywele, mtangazaji anasema kwamba huyu ni mke wa fundi makochi wetu wa mtaa wa nyuma, mpiga gita, leo anaimba mwenyewe, na msusi anainama kwenye sikio la mama mkwe na kuuliza, kwa sauti ya kusikika hadi barabarani, "Mama, si mkweo huyu?" Kisha kile kicheko.

"Ni wa kitabuni, mama," akasema. "Kuna riwaya. Nyimbo zote zimetoka kwenye riwaya."

"Riwaya ilijuaje kwamba naongeza chumvi?"

 Mama alilichomoa chanuo kichwani, akaliweka juu ya kochi la mteja, akaingia ndani. Baada ya muda mfupi walisikia begi likivutwa kutoka uvunguni mwa kitanda, na zipu yake, ambayo huwa inakwama katikati, ikikwama na kulazimishwa.

"Jumatatu nakwenda kwa dada yangu," sauti ikasema kutoka ndani. "Huko sufuria hazina wimbo."


Kitabu chenyewe kilisahauliwa na mgonjwa kwenye kliniki ya meno ambako Nyuzi alifanya kazi mapokezi. Mwenyewe hakurudi kukichukua, na Nyuzi akaanza kukisoma taratibu, nyuma ya dawati, huku mashine ya daktari ikilia nyuma ya ukuta na wagonjwa wakimtazama kwa macho ya huruma kama kwamba naye anasubiri kung'olewa. Ilikuwa habari ya mwanamke mwendesha simu, ambaye kutwa nzima alikuwa akiunganisha sauti za watu wengine. Siku moja mwanamke huyo alirudi nyumbani akaacha kusema. Hakugomba wala hakulia. Aliacha tu, na wote waliokuwa humo wakaanza kusikia mambo ambayo kelele zao zilikuwa zikiyafunika.

Nyuzi alikisoma mpaka jalada likang'oka. Kisha vidole vyake vikaanza kukitafuta kwenye gita.

Wakati huo alikuwa bado mpiga gita wa bendi ya roki ya mjini, ya vijana waliokwisha kuwa watu wazima bila kuambiwa. Kiongozi na mwimbaji wao aliitwa Mkubwa, jina alilojipa mwenyewe likakubalika kwa uchovu. Nyuzi alipeleka nyimbo tatu mazoezini. Mkubwa alisikiliza ya kwanza hadi nusu, akanyoosha mkono kama askari wa barabarani.

"Wimbo wa kitabu? Watu wanakuja kuruka, Nyuzi, hawaji kufanya mtihani."

"Basi niache niuimbe mimi. Huu mmoja tu."

Mkubwa aliwatazama wenzake, na wenzake wakaanza kutabasamu kabla hajasema kitu. "Vidole vyako ni vya dhahabu, hilo silikatai. Lakini sauti yako ni ya mapokezi. 'Anayefuata! Ingia!'" Mpiga dramu alicheka mpaka fimbo ikamdondoka. Nyuzi naye alicheka, maana ukichekwa na watu unaowapenda huna pengine pa kuweka uso wako. Aliizungusha waya ya gita mkononi, akaaga kama mtu anayekwenda msalani, na hakurudi tena.

Nyimbo alizirekodi karakanani, jioni kazi zikiisha. Mumewe alimpangia sponji pande zote mpaka dari, zile nene za magodoro na zile nyembamba za viti, na humo katikati sauti haikuwa na pa kukimbilia. Alipiga gita, akakanyaga kisanduku kile kinachorudia ulichopiga, akapiga lingine juu yake, mpaka akawa bendi nzima peke yake. Mumewe alikaa kwenye fremu ya kochi lisilo na kitambaa, amemshikia taa. Mwandishi wa riwaya, mzee mmoja aliyestaafu ualimu, Nyuzi alimpata kwa simu baada ya kuhangaika sana; mzee alikohoa, akasema, "Imba, mwanangu. Hawanunui tena, labda watasikiliza." Zikawa nyimbo nane. Mmoja ulifika redioni, na ukumbi wa ile sinema iliyofungwa zamani, ambao sasa hukodishwa kwa mikutano na harusi, ukakubali kumpa Jumamosi ya wiki iliyofuata.

Ndipo mama mkwe alipokwenda kusuka.


Jioni ile walikula wawili. Sahani ya mama ilipelekwa chumbani ikarudi kama ilivyokwenda, na fundi alikuwa akiutafuna mkate kama sponji.

"Mteja wa kochi la kijani amepita," akasema. "Ananiambia, fundi, hilo kochi likilia usimwambie mkeo, atalitungia wimbo. Wa duka la rangi naye kaniuliza kama kwangu siku hizi hodi inalipiwa."

"Pole."

"Sitaki pole, nataka ukweli. Ule wimbo wa mume, yule anayekaa katikati kama mto wa kochi, kila mtu anamwegemea na hakuna anayemuuliza kitu. Yule naye ni wa kitabuni?"

"Yumo kitabuni."

"Mto wa kochi?"

Nyuzi aliinamisha kichwa. Kitabuni mume alikuwa karani wa posta. Mto ulikuwa wake yeye.

"Mimi nilikuwa nakushikia taa," fundi akasema. Hakupandisha sauti, na hilo ndilo lililouma. "Nikawa najisemea moyoni, maskini huyo bwana wa kwenye riwaya. Nikamwonea huruma kabisa. Mpigie mtangazaji, mwambie aache kuupiga ule wa mama. Na ule ukumbi uache. Mama akitoka hapa na begi lake, mtaa mzima utasema umemfukuza kwa gita, na mimi sitakuwa na la kujibu."

Nyuzi hakupiga simu. Hakusema hapana pia. Alikusanya vyombo, akaviosha mara mbili.


Jumapili asubuhi Mkubwa alikuja mwenyewe. Aliingia na miwani yake ya jua, akavikagua viti vya sebuleni kabla hajachagua cha kukalia, akamwita fundi "shemeji" kama ndugu waliokulia nyumba moja. Alikuwa ameusikia wimbo redioni. Watu watatu walikuwa wamempigia simu kumuuliza kwa nini bendi yake haina nyimbo kama hizo.

"Nikubali nilikosea," akasema, na akasubiri kidogo ashukuriwe. "Zina kitu. Kilichokosekana ni koo tu. Wewe rudi kwenye gita lako, nyimbo ziwe zako, sauti iwe yangu. Jumamosi tunapanda bendi nzima. Jina lako tutaliandika kwenye tangazo, pale chini."

"Chini wapi?"

"Chini, panapoandikwa mambo ya mtunzi. Halafu yale maneno ya mama mkwe nayabadilisha, naweka 'jirani.' Jirani haombwi radhi."

Fundi alisogea mbele kwenye kiti. Uso wake, uliokuwa umefungwa tangu jana, ulifunguka. "Hilo ni jambo," akasema. "Kweli, hilo ni jambo. Mama haguswi, na nyimbo hazipotei."

Na lilikuwa jambo kweli, Nyuzi aliona. Lilikuwa limekatwa kwa kipimo: mume atapumua, mama atafungua begi, wenzake wa bendi watamrudishia nafasi yake kushoto kwa dramu, mahali alipopajua kuliko jikoni kwake. Alitazama mikono yake. Ilikuwa rahisi mno kukubali. Alikuwa amekwisha fungua mdomo.

"Umekisoma kitabu?" akauliza badala yake.

"Kitabu gani?"

"Wimbo huo unahusu nini, kwa unavyousikia wewe?"

"Mlango," Mkubwa akasema.

"Ndiyo, mlango. Lakini unahusu nini?"

"Si nimekwambia? Mlango." Alivua miwani. "Nyuzi, mbona unanipeleka shule?"

"Sitaki," Nyuzi akasema. Ilitoka kubwa kuliko alivyokusudia, ile sauti ya kuitia wagonjwa, ikajaa sebule yote. "Nyimbo nitaziimba mwenyewe. Ahsante kwa kuja."

Mkubwa aliondoka akisema watu wengi huchanganya redio na maisha. Fundi alibaki amesimama, mikono imemwanguka. "Kwa hiyo umechagua," akasema. "Mama yangu au kelele, umechagua kelele." Akatoka kwenda karakanani, na baada ya muda zikaanza kusikika pini, moja moja, ngumu, siku ya mapumziko.

Nyuzi alisimama kwenye korido. Mlango wa mama ulikuwa wazi kama siku zote, na mama amekaa kitandani mgongo umenyooka, begi miguuni. Upande mmoja wa kichwa ulikuwa umefunikwa kwa kitambaa. Alikuwa amesikia yote. Nyumba ile haikuwa na ukuta wa kuzuia siri.

"Hodi, mama."

"Mlango uko wazi, hodi ya nini? Au unaitafutia ubeti?"

Nyuzi aliingia, akakaa chini sakafuni, maana kukaa kitandani kungekuwa ni kujifanya hakuna lililotokea. "Jana nilikudanganya," akasema. "Kitabu kipo, na mama mkwe yumo. Lakini yule wa kitabuni haongezi chumvi. Hiyo niliitoa kwako. Nilipokuwa natunga nilikuona wewe, na nilijua nakuona wewe, nikaendelea. Na sitaki kuuacha huo wimbo, mama. Ndiyo wimbo mzuri kuliko yote niliyowahi kutunga. Nisamehe, ila sitaki kuuacha."

Mama alimtazama muda mrefu. Alikuwa nesi mstaafu, na alikuwa na namna ya kutazama iliyomfanya mtu ajihisi ana homa.

"Afadhali," akasema mwishowe. "Jana ulinifanya mjinga, mara mbili. Mara ya kwanza redioni, mara ya pili pale kwenye kochi. Ya pili iliniuma zaidi." Akanyoosha mkono. "Lete hicho kitabu."

"Kitabu?"

"Nimetukanwa kwa kitabu, nisikione? Safari itasubiri. Dada yangu hahami."


Alikisoma kama alivyokuwa akisoma kadi za wagonjwa, bila kuamini. Alikaa mezani na miwani miwili, mmoja machoni na mwingine mkononi kwa ajili ya herufi ndogo, akigeuza kurasa zilizotoka kwenye jalada na kuzipanga upya kwa ukali. Msusi alikuja mwenyewe nyumbani Jumatatu kumaliza upande uliobaki. Aliomba radhi tangu mlangoni hadi kwenye kiti, na mama alimruhusu asuke kwa sharti la kukaa kimya, kwa kuwa alikuwa amefika mahali ambapo mwendesha simu anakataa kumjibu hata daktari. Mara nyingine sauti ya mama ilisikika hadi karakanani: "Sema basi, mwanamke!" Au: "Huyo karani wa posta angekuwa mwanangu ningemchapa."

Kati ya wanandoa hali ilikuwa ya baridi. Walisalimiana kama wapangaji.

Jumatano Nyuzi aliporudi kutoka kazini alimkuta mama amemsubiri sebuleni, kitabu kimefungwa, mikono juu yake. Fundi alikuwa amekuja kunywa chai, amesimama na kikombe kwa sababu nguo zake zilikuwa na gundi.

"Nimemaliza," mama akasema. "Kizuri. Nimelia mahali pawili, sisemi wapi. Lakini huyo mwandishi wenu ni mwonevu."

"Kwa nini, mama?"

"Mke ana habari yake. Mume ana habari yake. Hata ile simu ina sura nzima. Yule mama yeye anafungua tu milango, mwanzo mpaka mwisho, kama kichaa. Hakuna aliyemuuliza kwa nini. Na wewe ukaenda ukaimba vilevile, nyimbo nane, hukumuuliza." Akavua miwani. "Mimi niulize."

Nyuzi alimtazama mumewe, kisha akamgeukia mama. "Kwa nini hubishi hodi, mama?"

Mama aliizungusha miwani mezani. Alipoanza kusema alimtazama mwanawe, si mkwewe.

"Baba yako hakufia hospitali. Tulikwambia hivyo kwa sababu ulikuwa bweni na mitihani ilikuwa karibu, halafu baadaye ikawa vigumu kubadilisha. Alifia bafuni, kwenye ile nyumba ya zamani. Asubuhi hiyo tuligombana, kitu cha kipuuzi, akaniambia, niache nipumue. Akaingia akajifungia. Nikaona amechelewa. Nikabisha hodi. Kimya. Nikasema moyoni, bado amekasirika, mwache. Nikaenda nikaanika nguo, nikarudi, nikabisha tena. Kwa adabu. Mimi, nesi, niliyekuwa naingia kila chumba cha wodi bila kumwomba mtu ruhusa, nikasimama nje ya mlango wa bafu langu kama mgeni. Majirani walipouvunja, ikawa basi."

Chai ya fundi ilikuwa ikimwagika kidogo kidogo kwenye kiatu chake. Hakuiona.

"Tangu siku hiyo sibishi," mama akasema. "Mlango uliofungwa, naufungua. Mkinichukia, nichukieni mkiwa hai." Akajifuta pua kwa haraka, kama mtu anayefuta meza. "Chumvi lakini ni tabia tu. Chumvi sina sababu."

Fundi aliweka kikombe chini. Alimwendea mama yake, akapiga magoti mbele yake kama anavyopiga mbele ya kochi, akaweka kichwa kwenye mapaja yake, mtu mzima na gundi yake. Mama alimpapasa kisogo, akimkemea kwamba anamchafulia nguo. Nyuzi aligeuka atoke awaachie nafasi.

"Unakwenda wapi?" mama akauliza.

"Nilidhani..."

"Nilikuwa nakwambia ya nini, unadhani? Nasimulia ukuta? Jumamosi zimebaki siku tatu. Kachukue gita."


Nyuzi alimpigia mwandishi kumweleza kwamba anaongeza wimbo ambao haumo. Mzee alikohoa. "Mwambie mama yako mkwe amenishika pabaya," akasema. "Nilimwogopa yule mama wakati naandika. Ndiyo maana nilimwacha amesimama mlangoni."

Kutunga na mama mkwe haikuwa kazi nyepesi. Alikaa katikati ya sponji, mkoba mapajani, akikataa. Alikataa noti za huzuni. "Usinililie. Mimi sikulia, nilikuwa na kazi, maiti ilitakiwa kuoshwa." Alikataa maneno mazuri. Nyuzi alipoimba kwamba nilisubiri, nilisubiri saa na saa, mama aliinua kidole.

"Siyo saa na saa. Nilisubiri kidogo tu. Hicho kidogo ndicho kinachouma."

Nyuzi alilibadilisha neno. Gita lilibadilika lenyewe. Mapigo yaliyokuwa yakitiririka yakawa mafupi, mawili mawili, yenye kimya katikati. Walitazamana. Mama aliufunga mkoba wake, akatikisa kichwa kukubali, na kwa mara ya kwanza tangu waanze kukaa nyumba moja walikuwa wamefanya kitu pamoja bila mmoja wao kukirekebisha baadaye.

Ijumaa fundi aliichukua spika ya gita la mkewe bila kuuliza. Kitambaa chake cha mbele kilikuwa kimechanika miaka, kimezibwa kwa gundi ya karatasi. Alikitoa chote, akakiweka kitambaa kipya cha rangi ya divai alichokuwa amekitunza kwa ajili ya mteja mkubwa, akakipiga pini kwa mstari ulionyooka kuliko wa kochi lolote. Alipomletea alisema tu, "Usiegemee upande huu, gundi haijakauka." Kisha, akiwa ameshafika mlangoni: "Na ule wa mto wa kochi, uimbe. Nimeufikiria. Ni mimi kabisa."


Ukumbi ulianza kujaa kabla ya jua kuzama, na waliokuja wa kwanza ndio walioogopesha. Saluni nzima ilikuja, msusi mbele, wamekaa safu moja. Alikuja wa duka la rangi. Alikuja daktari wa meno na mkewe. Walikuja manesi wa zamani, wanawake wenye viatu vya chini na migongo imara, walioitwa na mama mkwe kwa simu moja moja. Vijana wa redioni walijaza pembeni, wamesimama. Mkubwa alisimama nyuma kabisa karibu na mlango, mikono kifuani, mahali pa mtu anayetaka kuondoka mapema.

Nyuzi alipanda peke yake. Jukwaa lilionekana kubwa bila dramu. Aliunganisha waya, akapiga mapigo ya wimbo wa kwanza, akakanyaga kisanduku, gita likaanza kujirudia, naye akaimba. Na aliimba vibaya. Aliibana sauti, akaipandisha, akaitafutia utamu wa waimbaji wengine, ikamkatikia katikati ya mstari. Kuna mtu alicheka. Hakikuwa kicheko kibaya hata, ilikuwa pumzi iliyomponyoka tu, lakini Nyuzi alikijua. Ndicho kicheko cha mazoezini. Aliondoa mkono kwenye nyuzi. Gita lililorekodiwa liliendelea kuzunguka peke yake, halina mwimbaji, na ukumbi mzima ukawa unaliangalia.

Safu ya pili mama mkwe alikaa ameshika mkoba kwa mikono miwili. Hakutabasamu kumtia moyo. Alimtazama tu kwa yale macho yake ya kutia homa, kama anayesema: mgonjwa yuko hapa, wewe umesimama unangoja nini?

Nyuzi alivuta pumzi kutoka tumboni. Akaacha kuimba kama waimbaji. Akaita. Ile sauti ya mapokezi, pana, kavu, isiyo na mapambo, ambayo kwa miaka ilikuwa ikiwatoa watu wenye hofu kwenye viti vyao na kuwapeleka wanakotakiwa kwenda, ikatoka nzima nzima, ikapita juu ya vichwa mpaka ukuta wa nyuma. Safu ya mbele ilikaa wima. Kwenye ubeti wa pili vijana wa pembeni walikuwa wameacha kuzungumza. Mwisho wa wimbo makofi yakaanguka kama mabati yanayoshushwa kutoka kwenye lori.

Tangu hapo hakushikika. Aliimba habari ya mwendesha simu, ya karani wa posta aliyegeuka kuwa mto wa kochi, na fundi aliyekuwa amesimama pembeni karibu na spika akainua mkono juu, watu wakamcheka na yeye akacheka nao. Aliimba wimbo wa mlango na wa chumvi. Saluni iliyumba kwa kicheko, na baadhi yao walimchungulia mama mkwe kwa woga. Mama mkwe alikuwa akipiga makofi kwa kufuata mdundo, bila kutazama kulia wala kushoto.

Kisha Nyuzi akasogea kwenye maiki. "Wimbo wa tisa haumo kitabuni," akasema. "Tumeutunga wawili."

Mapigo mawili mawili, kimya katikati.

"Nilibisha, kwa adabu.
Nikasubiri kidogo.
Kidogo tu, mume wangu,
na hicho kidogo hakijaisha."

 Manesi wa zamani walikuwa wameshikana mikono safu nzima, bila kutazamana. Msusi alilia waziwazi, akijipangusa kwa kitambaa cha jirani yake. Gita lilipanda polepole, likaanza kunguruma, na badala ya kuomboleza likawa linakimbia, linafungua mlango mmoja baada ya mwingine, na Nyuzi akawa anaita juu yake kwa nguvu zote, fungua, fungua, niko hapa, mpaka taa za zamani za ukumbi zikatetemeka kwenye dari. Alipoukata, ulikatika ghafla. Ukumbi ukasimama. Wote, hadi mke wa daktari, na huko nyuma Mkubwa, ambaye mikono yake ilikuwa imetoka kifuani na inapiga makofi kana kwamba haikumwomba ruhusa.

Walipiga miguu sakafuni. Walitaka mwingine. Nyuzi alisimama anahema, jasho likimdondoka kwenye gita, akainua mikono kuwaonyesha kwamba hana tena. Nyimbo zilikuwa tisa na zote zimeisha. Hawakuelewa, au hawakutaka kuelewa. Kelele zilizidi.

Ndipo mama mkwe alipopanda juu ya kiti chake, nesi mstaafu, mkoba begani, manesi wawili wamemshika kiuno asianguke, akaweka viganja mdomoni.

"Rudia wangu!" akapaza sauti. "Na safari hii usikimbize, watu waimbe!"

Nyuzi alicheka kwenye maiki, ukumbi mzima ukamsikia. Akazishika nyuzi, akahesabu kwa kichwa, na watu wakaanza kabla yake.